Somo: Kutumia "reconsider" bila kukosea

Swali la namna ya kutumia kitenzi cha Kiingereza "reconsider" linarudi kila mara, kwa hiyo majibu yote nayaweka hapa. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

1. Maana: kulifikiria upya jambo ulilokwisha kuliamua.

2. Tahajia: "reconsidered", r moja mwishoni, kwa kuwa mkazo uko kwenye "sid". "Preferred" ina r mbili kwa sababu mkazo uko kwenye silabi ya mwisho ya "prefer".

3. Kinachofuata kitenzi. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kwetu tunasema "fikiria upya kuhusu uamuzi wako", basi mtu anaandika "reconsider about your decision". Ondoa "about", yambwa (jambo linalofikiriwa) inafuata moja kwa moja: "reconsider your decision". "Rethink" nayo ni hivyohivyo, ila "think again about" ni sahihi. Kosa la pili ni "I am reconsidering to travel". Andika "reconsidering travelling" au, vizuri zaidi, "reconsidering the trip". Angalia: "to" inakubalika ikitanguliwa na "whether", yaani "reconsider whether to travel".

4. Si kughairi. "The board reconsidered the plan and kept it" ni sentensi nzima kabisa. Ukishaghairi, sema "I changed my mind". Lakini ukisema "I have reconsidered" ukanyamaza, msikilizaji ataelewa umebadili msimamo.

Swali: Kwa hiyo "reconsider about" inafaa au haifai?
Jibu: Tazama namba 3.

Swali: Chuo kimenikataa. Niandike "reconsider me"?
Jibu: Andika "I respectfully ask you to reconsider my application", kisha sentensi inayofuata itaje jambo jipya: cheti kilichochelewa, alama zilizosahihishwa. Bila jambo jipya hawana cha kufikiria upya. Kichwa cha barua: "Request for Reconsideration".

Swali: Mwalimu, "revise" si kudurusu?
Jibu: Swali zuri sana. Kwa Waingereza, na shuleni kwetu, ni kudurusu; Wamarekani husema "review". Ila "revise my opinion" ni kuurekebisha mtazamo, mabadiliko yameshatokea. Unaanza na "reconsider", ndipo unafika kwenye "revise". Zaidi ya hapo kuna "recant", kukana hadharani ulichokiamini, kama mwanasayansi Galileo alivyolazimishwa mjini Roma mwaka 1633. Usilitumie kwa kubadili tarehe ya kikao.

Swali: "On second thought" (yaani "nikifikiria tena") ina s mwishoni?
Jibu: Waingereza huiweka, Wamarekani kwa kawaida hawaiweki. Chagua moja, uishike barua nzima.