Wageni wa ghafla, na mwenyeji yuko kitandani na malaria

Ndugu wa mbali hawapigi simu. Wanateremka kwenye basi la Arua au la Kasese hapa Uganda, wanapanda boda boda mpaka kwenye kona yenu, mara unasikia hodi. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa, lakini atapona kama hatasimama jikoni. Ziara za namna hii huharibika mwenyeji anapojikaza saa ya kwanza, akakimbizana na kuku huku homa inapanda, na jioni wageni wakageuka wauguzi.

Kwa hiyo utaje ugonjwa mlangoni, kabla hawajakaa. Uwapokee ukiwa umeketi, maana aliyesimama huonekana mzima. "Karibu sana shangazi, poleni na safari. Mimi naumwa, nimepimwa nina malaria, leo siku ya pili ya dawa. Nyumba ni yenu, ila nitawaomba mnisaidie." Ukisema "najisikia vibaya kidogo tu", utapika. Gawa kazi papo hapo: kijana achukue jerikeni mbili za lita 20 aende bombani, shangazi akabidhiwe sigiri na makaa. Wakishakunywa chai na kunyoosha miguu, kuwainua ni shughuli.

Malaria haiambukizi kwa kukaa pamoja wala kwa kula sahani moja, kwa hiyo hakuna haja ya kuwakimbia watoto. Mbu akikuuma wewe huchukua kama siku 10 au zaidi kabla ya kuweza kumwambukiza mwingine. Bado, ulale ndani ya neti, na wageni wapate neti yao. Mafua na kikohozi ni jambo jingine: viti vitolewe nje kivulini, wewe uvae barakoa, na salamu iwe ya kupunga mkono. Tangu Ebola ya 2022 iliyoanzia Mubende, hakuna atakayeona ni dharau. Kama ni kuhara, usiguse chakula cha wengine kabisa, hata kumenya kitunguu. Tetekuwanga au surua? Mjamzito na watoto wachanga wasiingie ndani, watafutiwe malazi kwa jirani.

Dawa ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Vidonge vya malaria vya artemether-lumefantrine vya kawaida, kwa mtu mzima wa kilo 35 na zaidi, ni vinne kila mara, mara sita: dozi ya kwanza, kisha baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla 24. Maongezi ya ukoo yakikolea usiku, dozi ya jioni inapita hivi hivi, basi tega kengele ya simu na umpe mtoto mmoja jukumu la kukukumbusha. Meza pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwani bila mafuta mwili hufyonza dawa kidogo. Ukitapika ndani ya saa moja, dozi hiyo inarudiwa, na itabidi urudi kliniki kuongezewa vidonge.

Atatokea mjomba wa kusema, "Hata mimi nina homa, nigawie viwili." Usimgawie. Viwili havimponyi yeye, na wewe unabaki na dozi pungufu. Mwelekeze akapimwe. Aliyekuja na mululuza, majani machungu ya kienyeji, naye umshukuru, uyaweke majani pembeni, umalize dawa ya hospitali kwanza.

Chakula kiwe cha kupikwa na mtu asiyelijua jiko lako. Maharage makavu yaache, yatakula saa mbili na makaa mengi. Matoke ni mazuri iwapo wageni watamenya wenyewe (wapake mafuta mikononi kwanza, utomvu hautoki kwa maji). La haraka ni posho (ugali) na mchuzi wa karanga. Kwa watu wazima sita, unga wa mahindi kilo moja na nusu na maji kama lita 3, pamoja na karanga za kusaga nusu kilo. Karanga zikorogwe kwanza na maji ya vuguvugu, ndipo zitiwe sufuriani. Zikitupwa kavu kwenye maji yanayochemka hufanya madonge. Moto mdogo, dakika 30 hadi 40, mwiko usitoke mkononi, kwani huungua chini huku juu zikifurika. Mukene (dagaa) wakiwepo, waongezwe. Mchuzi huo unakufaa na wewe kwa dozi yako. Pesa za sokoni mtumie mwenye duka kwa simu, kisha mtoto akachukue vitu.

Usiku, hasa Kabale na kwingine kwenye baridi, sigiri isiingizwe chumbani kuwapasha joto waliolala kwenye mkeka. Gesi yake yenye sumu haina harufu, inaua watu usingizini.

Mwonyeshe mgeni mmoja mwenye akili timamu namba ya dereva wa boda au teksi, na umwambie ni lini akuburuze hospitali bila kukuuliza: ukianza kuweweseka, ukipata degedege, ukitapika kila unachomeza, ukishindwa kukaa, au mkojo ukiwa mweusi.

Siku ya kuondoka watataka kusindikizwa. Mtume kijana awafikishe stendi, nauli uliyopanga kuwapa uitume kwa simu kabla hawajafunga mizigo, na kuaga kumalizike ukiwa umeketi.