Amplifaya ndogo na spika za mezani: anza na adapta kwanza

Wakuu, hizi amplifaya ndogo za stereo, zile za kaboksi ka bati kanakoingia kwenye begi la laptopu, mbele kitufe cha sauti nyuma matundu ya spika, ni nzuri mno na nasikitika watu wanavyozikatia tamaa bure. Mtu ananunua, anachomeka adapta ya volti 12 iliyokuwa droo, akiongeza sauti kidogo mziki unapasuka, anasema kauziwa feki. Mara nyingi wala sio feki, imenyimwa umeme tu.

Nyingi ndani zina chipu ya TPA3116D2 ya Texas Instruments. Inakula umeme wa DC kuanzia volti 4.5 mpaka 26, na ile "50W x 2" unayoiona kwenye boksi ilipimwa kwa volti 21 na spika za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), tena pale sauti ilipokuwa ishaanza kuchafuka. Sasa we una volti 12 na spika za omu 8. Piga hesabu: volti mara volti, gawanya kwa omu mara mbili. 12 mara 12 ni 144, gawa kwa 16 unapata wati 9. Tisa kila upande, sio hamsini! Ukiweka volti 19 inaruka mpaka kama 22, na hapo kwa mtu aliyekaa mezani ni mziki wa kutosha kabisa na chenji inabaki.

Kwaiyo dili liko kwenye chaja ya laptopu ya zamani ya volti 19, hizi zipo kila kwa fundi wa kompyuta na nyingi zinatoa ampea 3 kwenda juu. Angalia pini, amplifaya nyingi zinataka ile ya duara ya milimita 5.5, chanya ndani hasi nje, soma mchoro uliopo pembeni ya tundu kabla hujachomeka maana ukigeuza unaweza kuiua hapo hapo. Volti 24 pia inafaa ila kuna bodi za bei ndogo zimefungwa kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza umeme) za volti 25, yani unaziweka ukingoni kabisa, mi nakushauri baki na 19 uishi kwa amani. Na kama mwongozo wa amplifaya yako unasema mwisho volti 15, basi ni 15.

Spika ziwe za kawaida zisizo na amplifaya ndani, zile za waya mbili tu nyekundu na nyeusi. Spika yenye waya wake wa kuchomeka ukutani haihusiki hapa. Za mtumba zilizotolewa kwenye redio kubwa za zamani zinafanya kazi vizuri sana, soma nyuma pameandikwa omu ngapi, 4 mpaka 8 ni sawa. Ukikuta zimeandikwa dB, yani spika inapiga kwa nguvu kiasi gani kwa wati ile ile, chagua yenye namba kubwa, spika ya dB 88 inapiga kama ya 85 iliyopewa wati mara mbili, kwaiyo kwa amplifaya ndogo hii namba ina maana kuliko wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa.

Kwenye kufunga waya tulia, na iwe imezimwa. Chuna ganda kama sentimita moja, zile nyuzi za shaba zisokote kwa vidole mpaka ziwe kitu kimoja ndo uingize kwenye tundu ukaze, uzi mmoja ukibaki nje ukagusa wa jirani umetengeneza shoti. Na hili nalisisitiza: hasi ya spika ya kushoto na hasi ya kulia USIZIUNGE pamoja na usizigusishe kwenye kaboksi ka bati ka amplifaya. Kwenye hizi amplifaya hasi sio ethi (waya wa ardhini), ina moto wake kama chanya. Watu wanaotumia waya moja ya hasi kwa spika mbili ili kubana waya wanaunguza chipu.

Kama waya hazina rangi chukua betri ya rimoti ya volti 1.5, gusisha kwenye waya za spika sekunde moja huku unaangalia wufa, ile spika kubwa ya bezi. Karatasi ikisukumwa nje, waya uliogusa upande wa chanya wa betri ndo chanya ya spika. Ukikosea upande mmoja tu bezi inapotea na sauti ya muimbaji haikai katikati, unabaki unalaumu spika.

Mezani zisogeze mbele kidogo ya ukuta, twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ziwe usawa wa masikio, kama ziko chini ziinue hata na vitabu. Umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali wa spika mpaka kichwani kwako, afu zigeuze kidogo zikuangalie. Hii ni bure na inabadilisha sauti kuliko waya wa bei mbaya.

Laptopu au simu iweke sauti karibu na mwisho, afu punguza na kuongeza kwenye amplifaya. Ukifanya kinyume chake utasikia shhh muda wote.

Ukiunga kwa waya wa AUX ukasikia mvumo mmmm, chomoa chaja ya ile laptopu inayopiga mziki, sio ya amplifaya. Mvumo ukikata, mara nyingi ni kwamba chaja zote mbili zina pini tatu na umeme wa ethi unazunguka kupitia waya wa sauti. Usikate pini ya ethi tafadhali! Tafuta adapta ya pini mbili kwa ajili ya amplifaya, au kale kakifaa ka kukata mvumo kanakokaa katikati ya waya wa AUX, ndani kana vitransfoma viwili. Au tumia Bluetooth, hapo hakuna waya wa kupitisha mvumo.

Umeme ukikatika ndo utaipenda zaidi, maana betri ya sola ya volti 12 inaiwasha moja kwa moja, zile wati 9 zinatosha chumbani. Toa waya kwenye betri yenyewe, usiunge kwenye paneli, paneli ya "volti 12" juani bila mzigo inapanda mpaka kama 21. Weka fyuzi ya ampea 5 karibu na chanya ya betri, na betri ikishuka mpaka 11.5 zima mziki uichaji kwanza.