Kurutubisha mayai ya kambale: maji yaje mwisho

Wavuvi wa Igombe, Ziwa Victoria, wanaotega sangara kwa ndoano hawaishi kuulizia vifaranga vya kambale vya kufanyia chambo, ndiyo maana natotolesha. Wanaoshindwa kazi hii, wengi wanashindwa kwa sababu ya maji.

Chagua jike mwenye tumbo nene na laini, ukimbonyeza taratibu anatoa mayai ya kijani-kahawia yaliyolingana. Mchome homoni ya kukomaza mayai jioni. Maji yakiwa nyuzi 25 hivi, baada ya saa 10 hadi 12 anakamulika.

Dume hakamuliki, maumbile yake hayaruhusu. Mchinje, mpasue, toa korodani. Dume mkubwa bei yake unaijua, lakini nyama si ya kutupa. Mimi natumia madume wawili au watatu wasio ndugu wa jike. Kambale ana kromosomu 56, yaani vibeba urithi ndani ya seli. Mbegu inabeba 28, yai linabeba 28. Ukipandisha ndugu kwa ndugu, kasoro zilizojificha kila upande zinakutana kwa kifaranga, halafu unashangaa migongo imepinda.

Sasa beseni: liwe kavu kabisa. Mfute jike kwa kitambaa, mfute tena, ndipo umkamue. Futa damu kwenye korodani, zikate, kamulia juu ya mayai, changanya kwa unyoya wa kuku. Hapo mbegu bado zimelala. Zinaamshwa na maji, na zikishaamka zinaogelea kama dakika moja tu, nguvu zimekwisha. Yai nalo lina kitundu kimoja cha kupitisha mbegu. Likinywa maji linavimba, kitundu kinaziba. Kwa hiyo mkono uliolowa ukitangulia kuingia kwenye beseni, umeshapoteza mayai kadhaa.

Zikishachanganyika, mimina maji safi yafunike mayai, koroga polepole dakika moja, suuza. Yatandaze upesi kwenye neti ndani ya maji yanayotembea, yasirundikane, maana yananata. Neti ya chandarua inafaa, ila kisiwe cha dawa! Dawa ile ya mbu inaua samaki, na vifaranga ndio wa kwanza.

Mayai yatakayogeuka meupe yamekufa. Yanyonye kwa mpira mwembamba kabla ukungu haujahamia kwa mazima. Kwenye nyuzi 27 vifaranga vinaanza kutoka baada ya siku moja hivi. Usivilishe bado; kwa siku kama tatu vinakula kiini cha yai vilichotoka nacho.