Kabla hujatupa dawa zilizopita muda ughaibuni: mambo ya kuzingatia

Kwanza jua nchi uliyopo inataka nini, kwa sababu kinachoshauriwa upande mmoja hukatazwa upande mwingine. Plasta ya fentanili (dawa kali ya maumivu inayobandikwa kwenye ngozi) iliyokwisha kutumika ni mfano mzuri. Marekani, ukikosa pa kuirudisha, unashauriwa kuikunja upande wa gundi ndani na kuimwaga chooni mara moja, kwa kuwa hata baada ya siku 3 mwilini bado imebaki na dawa ya kutosha kumuua mtoto. Ujerumani, dawa ya aina yoyote haimwagwi chooni wala kwenye sinki.

England mambo ni mepesi: peleka famasi yoyote, hata kama si iliyokupa dawa, nao wataipokea bila malipo. Ufaransa famasi zinabanwa na sheria kuzipokea, na mpango uitwao Cyclamed huzipeleka kuteketezwa. Boksi la karatasi na kikaratasi cha maelezo vitoe nyumbani uviweke kwenye pipa la karatasi; vidonge viache kwenye pakiti yake. Ujerumani famasi hazilazimiki kupokea, ingawa baadhi hukubali. Sehemu nyingi unaelekezwa kutumia pipa lililoandikwa Restmüll, yaani taka za kawaida zilizobaki, kwa sababu taka zake huishia kwenye tanuri. Dawa za saratani ziko kando: hizo hupelekwa kituo cha taka hatarishi.

Marekani ndiko kwenye njia nyingi, na ndiko watu wanakochanganyikiwa. Famasi nyingi na vituo vingi vya polisi vina sanduku la chuma la kutumbukiza dawa. Mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Jumamosi moja ya Aprili na moja ya Oktoba, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, DEA, idara ya shirikisho ya kupambana na dawa za kulevya, huendesha siku ya kukusanya dawa, na huulizwi jina wala kitambulisho. Anayeogopa polisi kwa sababu ya makaratasi yake atumie sanduku la famasi.

Ukikosa vyote hivyo, tumia pipa la nyumbani, lakini kwa utaratibu. Toa vidonge kwenye chupa, usivisage. Changanya na kitu kisichotamanika, kama masimbi ya kahawa, udongo au mchanga wa choo cha paka, kisha funga kwenye mfuko usiovuja ndipo utupe. Mchanganyiko huo ni wa kumkatisha tamaa mtoto, mbwa au mtu anayepekua mapipa. Chooni zinaenda tu zile zilizo kwenye orodha fupi ya FDA, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, nyingi zikiwa dawa kali za maumivu kama morfini, oksikodoni na methadoni, na hapo pia ni pale tu unapokosa pa kuzirudisha. Panadol, antibiotiki na dawa za presha hazimo. Futa jina lako na namba ya dawa kwenye lebo kwa wino mzito kabla ya kutupa chupa.

Soma tarehe vizuri. Palipoandikwa mwezi na mwaka tu, dawa inafaa hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Marekani mwezi hutangulia siku: 03/05 ni tarehe 5 Machi, na mtu aliyezoea mpangilio wa kwetu ataisoma kuwa 3 Mei. Isitoshe, kuna dawa zinazokwisha kabla ya tarehe ya kwenye boksi. Matone mengi ya macho hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa, na amoksisilini ya maji ikishachanganywa haivuki siku 14.

Sindano usizichanganye na vidonge hata kidogo. Masanduku ya kukusanyia dawa hayazipokei, na sindano iliyotupwa ovyo humchoma mfanyakazi wa taka. England omba boksi la njano kwa daktari, kisha uliza halmashauri nani hulichukua likijaa. Ufaransa anayejidunga mwenyewe hupewa boksi bure famasi. Marekani chupa ngumu ya sabuni ya kufulia, yenye kifuniko cha kuskrubu, inakubalika; ikifika robo tatu ifunge, na kanuni za jimbo lako ndizo zitakazosema inaenda wapi. Inhela ya pumu isitobolewe wala kutiwa motoni, kwani hulipuka.

Wakati unasubiri siku ya kupeleka, weka mzigo wote kwenye kabati lenye kufuli. Mtoto akimeza kitu Marekani, kituo cha sumu ni 1-800-222-1222, saa zote. Akizimia au akishindwa kupumua, piga 911 kwanza.

Na ule mtindo wa kuwafungashia ndugu nyumbani mabaki ya dawa, uache. Miongozo ya WHO kuhusu misaada inakataa dawa iliyokwisha kupewa mgonjwa, kwa kuwa hakuna anayejua ilihifadhiwaje. Begi lenyewe likaguliwe kabla ya safari: tramadoli iliyosahaulika kwenye mfuko wa pembeni ni dawa inayodhibitiwa Falme za Kiarabu, na kuingia nayo Dubai bila kibali ni kosa la jinai.