Kuchimba viazi mviringo bila kuvikata wala kuvichubua

Mnunuzi akifika Kapchorwa au Kabale, wilaya za Uganda zinazolima viazi, kwanza hutupa pembeni viazi vilivyokatwa na jembe, kisha vilivyobambuka ganda. Hasara hiyo huanzia kwenye kupanda.

1. Panda kwa nafasi: sentimita 75 mstari hadi mstari, 30 shina hadi shina. Ukibana mistari utakosa udongo wa kuinulia mashina yawe na tuta. Viazi vitavimba juujuu, jua litavigeuza kijani, na jembe litavipiga katikati.

2. Inulia udongo mimea ikifika sentimita 15 hadi 20, rudia kabla majani hayajafunika mistari. Tuta liwe pana juu. Lenye ncha, mvua za Mlima Elgon hulibomoa upesi. Usiongeze mbolea ya yurea mwishoni, maana majani hubaki mabichi na ganda huchelewa kukomaa.

3. Majani yakianza kuwa ya njano, kata mashina kwa panga usawa wa ardhi. Usiyang'oe: utavuta viazi juu, udongo upasuke, nondo wa viazi apate pa kutagia. Mashina yenye bakajani, ugonjwa unaokausha majani, yatoe shambani kabisa. Kisha ngoja wiki mbili. Hapa ndipo wengi hushindwa, hasa bei ikiwa juu. Chimbua mashina matatu au manne sehemu tofauti, usugue viazi kwa kidole gumba, kwa nguvu. Ganda likibambuka, ngoja siku nne au tano, ujaribu tena. Lakini usivisahau huko chini. Vikikaa mno huoza na kushambuliwa na wadudu.

4. Chimba udongo ukiwa na unyevu kidogo. Ukiwa tope hushikamana na viazi, ukikauka mabonge yake huchubua. Tumia jembe la meno, ulizamishe ubavuni mwa tuta mbali na shina, kisha inua kutoka chini. Kupiga kutoka juu ni kubahatisha.

5. Acha viazi vikauke ganda kwa saa moja hivi, si kwenye jua kali. Usivioshe. Vilivyokatwa vitenge, vya kupikwa nyumbani.

6. Usirushe kiazi kwenye ndoo. Kuanguka zaidi ya sentimita 30 kunatosha kukiumiza. Weusi wa ndani hujitokeza baada ya siku moja au mbili, kiazi kikiwa tayari kwa muuza chipsi Kampala. Gunia la rumbesi, lile la kushonewa kofia, hakuna anayeliweka chini polepole: hutupwa tu. Jaza kilo 50, mtu mmoja aweze kulishusha.