Somo: Kopolima ya ethilini yenye nanotyubu za kaboni, kuanzia chupa tupu

Pale mwaloni Kirumba, uzi wa wavu wa nailoni ukiutupa ziwani unazama, kipande cha dumu kinaelea. Nailoni ni gramu 1.14 kwa sentimita ya ujazo, dumu ni polyethilini, kama 0.95. Leo tunailainisha hiyo polyethilini kwa komonoma, yaani molekuli ya pili inayoungana na ethilini kwenye mnyororo mmoja (mnyororo huo wa mchanganyiko ndio kopolima), na kuipa nanotyubu, yaani mirija midogo mno ya kaboni, vyote ndani ya mmenyuko mmoja.

Hatua ya 1 ni ukavu, na kazi karibu yote iko hapa. Vyombo vya kioo vilale kwenye oveni nyuzi 120 usiku kucha, vifungwe vingali vya moto, kisha vuta hewa na uingize agoni, gesi isiyomenyuka, mara 3. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu mwingi, nao unaua kichocheo. Masika moja niliharakisha, shingo ya chupa ikiwa na ukungu kidogo tu, na siku nzima sikupata unga wa kujaza kijiko.

Hatua ya 2. Koroga nanotyubu kavu na MAO (methilaluminoksani, kiamshi cha kichocheo) ndani ya toluini, kiyeyushi chetu, vukiza toluini, osha MAO isiyoshika, halafu tia toluini mpya. Polima itaota juu ya nanotyubu zenyewe na kuzitenganisha. Ukizichanganya baadaye na plastiki iliyoyeyuka, zinabaki madonge.

Hatua ya 3. Tia heksini-1, ndiyo komonoma yetu, fungulia gesi ya ethilini, kichocheo chetu, metalosini ya zirikoni, kiingie mwisho. Joto likipanda haraka, punguza gesi.

Hatua ya 4. Zima kwa ethanoli yenye asidi hidrokloriki kidogo, chuja, osha, kausha.

MAO huwaka ikigusa hewa. Fanyeni maabara tu, msimamizi akiwepo.

Mwalimu, heksini inalainishaje?
Kila moja inayoingia huacha tawi la kaboni 4 ubavuni mwa mnyororo. Minyororo haijipangi tena vizuri, fuwele zinapungua, uzito unashuka kuelekea 0.92. Jionee mwenyewe: weka kipande cha dumu na cha mfuko laini wa kufungashia kwenye glasi ya maji, ongeza spiriti kidogo kidogo. Dumu litatangulia kuzama.

Kwa nini tusitumie kichocheo cha Ziegler cha 1953?
Kina vituo (mahali minyororo inapoota) vya aina nyingi, na komonoma hukimbilia zaidi minyororo mifupi. Metalosini ina kituo cha aina moja, matawi yanagawanyika sawasawa.

Tangi langu jeusi la maji nalo lina nanotyubu?
Hapana, mdogo wangu. Ule weusi ni masizi ya kaboni, yanakinga plastiki dhidi ya jua. Nanotyubu tunazitia ili plastiki ipitishe umeme.