Pasi ya mkaa: umeme ukikatika, kazi isilale

Januari silali. Nashona sare za shule hapa Tandika, Dar es Salaam, na mzazi wa siku hizi hamleti mtoto kupimwa: anatuma vipimo kwa simu, hela inaingia kwa simu, kisha anapiga kuuliza mbona bado. Umeme ukikatika saa hiyo, au luku, yaani umeme wa kulipia kabla, ikiisha, natoa pasi ya mkaa chini ya meza. Binti anayejifunza kazi kwangu alipoiona mara ya kwanza aliuliza kama ni pambo. Haya nimemwandikia yeye.

Moto kwanza. Chagua mkaa mgumu, vipande vya ukubwa wa ndimu. Chenga zinageuka majivu upesi na kuziba vitundu vya pembeni. Uwashe jikoni mpaka ushike wote na moshi uishe, ndipo uuhamishe kwa koleo, uzidi kidogo nusu ya tumbo la pasi. Funga, uhakikishe yule jogoo wa mbele, yaani komeo la mfuniko, amebana, maana mfuniko ukifunguka sare na mguu vyote vimekwenda. Kisha toka nje uipunge huku na huku kama chetezo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kila Jumapili jioni nilipokuwa na miaka tisa. Pasi ilikuwa moja kwa nyumba nne. Nikimaliza kaptula za kaka zangu, naipeleka kwa jirani ingali na moto, na yeye anampa mwingine. Leo katika nyumba yetu ya kupanga kila chumba kina pasi yake, na sijawahi kusikia mtoto akibisha hodi kuiazima.

Pigia barazani au mlangoni. Usijifungie ndani na mkaa kamwe. Hewa yake inaua na wala hainuki.

Pasi hii haina kitufe cha joto, kipimo ni wewe. Dondoshea tone la maji. Likichemka taratibu, bado. Likiruka na kutoweka, kaki na pamba ziko tayari. Tetroni, kitambaa cha nyuzi za viwandani, isubiri mkaa ufifie, na hata hapo itandikie kitambaa chenye unyevu juu, la sivyo itang'aa kama imepakwa mafuta. Marinda ya sketi yapige bandi kwanza, mshono wa muda wa kuyashikilia.

Kabla ya kugusa nguo ya mteja, ipitishe pasi kwenye jani la mgomba: masizi yanatoka, nayo inateleza. Migomba Tandika sasa ni ya kutafuta, kwa hiyo mimi nasugua mshumaa, nafutia tambara. Ukitaka kupuliza majivu, toka nje. Shati jeupe halisamehe.

Ukimaliza, mwaga majivu usiku huo huo. Yanavuta unyevu, na hewa yetu ya pwani inakula chuma hata bila kusaidiwa. Pasi ya utotoni ilitoboka kitako kwa uvivu huo. Hii niliikuta kwa muuza vyuma chakavu. Akanipimia kwa kilo.